Jiko la Kukunja Lililokamatwa Likawage

Mume wangu Cletus alikuwa mpishi mkuu wa kantini ya kiwanda cha korosho pale Lindi, na hilo neno "mkuu" hakuliacha nyuma hata alipojitambulisha kwa mtoto mdogo. Alilisha watu mia nne kwa siku. Kiwanda kilipofungwa, wenzake waligawana viti, feni na saa za ukutani, naye akaangukiwa na meza ya kantini kwa kuwa hakuna mwingine aliyeitaka. Ilibidi tuvunje fremu ya dirisha ndipo ikaingia kwetu. Ikajaa sebule yote. Watoto wakawa wanakula juu yake na kulala chini yake, na mimi napita kiubavu kwenda uani kukaanga maandazi yangu, ambayo sasa ndiyo yaliyokuwa yakitulisha sote.

Hayo ningeyavumilia. Kilichonikata maini ni kwamba Cletus aliendelea kuamka alfajiri, saa ya king'ora cha kiwanda, ingawa king'ora chenyewe kilikuwa kimenyamaza zamani. Anaoga, anavaa aproni yake nyeupe, anakaa kwenye benchi uani na kuanza kunisimamia.

"Mama Stefania, unga huo umezidiwa maji."

"Mama Stefania, moto huo ni wa kuchomea taka."

Nilimpa vidonge vyake mara nyingi, na kila nikimaliza ananijibu kwa upole, "Sawa, lakini unga umezidiwa maji." Siku nyingine usingizi ulimpitia hapo hapo kwenye benchi, aproni safi, mikono juu ya magoti. Nikimtazama hivyo hasira zote zilikuwa zinaniisha. Nilitaka mtu huyu apate kazi, kazi yoyote, ili mradi awe na mahali pa kwenda na hiyo aproni. Niliyataka hayo kuliko nilivyotaka sebule yangu.

Jambo moja mlijue kabla sijaendelea. Cletus hajui kupika kidogo. Si kwamba hapendi, hajui. Kipimo chake cha chini ni debe. Chumvi anaipima kwa kiganja, na kiganja chake si cha mchezo. Ukimwambia apike wali wa watu watano anakuuliza ni watano au mia tano, na jibu lolote utakalompa, wali utakaokuja ni ule ule. Ndiyo maana nyumbani nilimpiga marufuku kugusa sufuria.

Basi miaka ile ya ruksa, kila mtu akijaribu biashara yake, magari ya watalii nayo yakaanza kupita Lindi. Siku moja likasimama mbele ya maandazi yangu Land Rover la kampuni ya Dar, akashuka kijana anayeitwa Bashiru, mzaliwa wa Tanga, amevaa kizibao chenye mifuko mpaka mgongoni. Alikuwa dereva, kiongozi wa msafara na msimamizi, vyote yeye mwenyewe. Akala maandazi matatu, kisha akaanza kulalamika. Mpishi wake alikuwa amemkimbia Kilwa.

"Na simlaumu," alisema. "Wageni wanalala kwenye mahema ya maana, lakini mpishi amepiga magoti kwenye mafiga, moshi machoni, siafu kwenye sukari, mchanga kwenye mchuzi. Kila tukihama kambi nusu ya vijiko inabaki porini."

Cletus alikuwa kwenye benchi yake. Hakuulizwa kitu.

"Kijana," akasema, "wewe unahitaji jiko la kubeba. Nitakutengenezea."

Meza ya kantini ikageuka jiko. Ilichukua wiki kadhaa za kupiga randa na kunuka gundi, na sitasema uongo, kitu kilichotoka kilikuwa kizuri. Lilikuwa sanduku kubwa la mbao. Ukifungua makomeo, ubavu mmoja unashuka na kuwa ubao wa kukatia, ubavu wa pili unapanda na kuwa kizuizi cha upepo. Miguu inakunjuka kutoka chini. Ndani mna droo za viungo, ndoana za vikombe, kabati la waya la kuzuia nzi, na mahali pa kukalia jiko la gesi la pleti mbili ambalo Bashiru alilileta kutoka Dar. Likikunjwa lilitaka wanaume wanne kulinyanyua, kwa hiyo lilikuwa la kubeba kama una wanaume wanne.

Bashiru alilizunguka, akafungua droo, akafunga, akafungua tena. Kisha akatoa sharti lake. Safari moja ya majaribio, wageni wanne, wazee wa Ulaya wanaopenda kutazama ndege. Lindi, Kilangala, Kilwa, halafu ndani huko Likawage. Wageni wakila vizuri, jiko na mpishi wake wanaajiriwa msimu mzima. Wasipokula vizuri, kila mtu ashike njia yake.

"Na utahitaji mtu wa kuosha vyombo," akaongeza.

"Ninaye msaidizi wa jiko," Cletus akasema, akanionyesha mimi kwa kidevu. Nikamkata jicho, lakini niliwapeleka watoto kwa dada yangu Martina na kufunga kanga zangu. Nilijua kabisa kitakachotokea kama mtu huyu atakwenda peke yake na gunia la mchele na wazungu wanne.

Kilangala tulipiga kambi kando ya mashamba ya mikorosho. Cletus alilikunjua jiko mbele ya kijiji kizima, taratibu, akieleza kila bawaba kazi yake, na watu wakamshangilia. Aproni ilikuwa inang'aa. Kisha akapika wali. Nilikuwa nimekwenda kisimani, na niliporudi, mchele wa safari nzima ulikuwa motoni. Ulivimba ukanyanyua mfuniko. Wageni walipewa sahani zenye milima, wakachota kijiko kimoja kila mmoja, wakanywa maji mengi, wakatabasamu. Kijiji cha Kilangala kilikula wali uliobaki na kutuombea dua. Mimi nilijificha nyuma ya Land Rover na kikaango changu cha nyumbani, nikapika chapati chache na mayai juu ya mawe matatu, nikazipeleka mezani nimeinamisha kichwa kana kwamba zimetoka kwenye jiko la mbao.

Kilwa alipika maharage. Sitayaeleza. Niseme tu kwamba usiku ule mbwa wa Kilwa walitupenda, na wageni wakala tena chapati zangu na supu ya samaki niliyoichemsha pembeni. Asubuhi Bashiru alimwita Cletus, na kwa kuwa turubai halizuii sauti, nilisikia yote.

"Mzee wangu, jiko lako ni zuri sana. Lakini wageni ni wanne. Likawage nataka chakula cha watu wanne, kitamu kwa watu wanne, mezani saa moja jioni. Hapo ndipo nitaamua."

"Umeeleweka," Cletus akasema.

Tukaondoka. Alikuwa ameshika karai mapajani, na midomo yake ilikuwa inacheza. Nilidhani anasali. Kumbe alikuwa anajifunza kugawanya vipimo vyake kwa mia, na kila akifika kwenye chumvi anapotea na kuanza upya. Nilimwonea huruma. Nikamwambia, "Baba Stefania, niachie mimi chumvi." Akanijibu kwamba mpishi mkuu hawezi kuachia chumvi.

Tuliingia Likawage jua liko utosini. Ofisi ya kijiji ilikuwa imefungwa, na barabarani hapakuwa na mtu ila kuku. Tukachagua kiwanja kilichofagiliwa karibu na mti wenye kivuli, wageni wakaenda na darubini zao, Bashiru akasimamisha mahema na Cletus akakunjua jiko. Hatujamaliza, akatokea mama mmoja wa makamo, amejifunga kanga mbili za msiba, anatembea haraka. Jina lake, tulilijua baadaye, Mboni.

"Shikamoo, mama," tukasema.

"Marahaba. Mmetoka wapi?"

"Lindi," nikajibu.

"Lindi kubwa. Kabila gani?"

Nilihisi hatari, lakini Cletus ukimuuliza habari zake hawezi kunyamaza.

"Mimi Mmwera wa Rondo," akasema. "Mpishi mkuu."

Mama yule alifumba macho kwa muda. "Alhamdulillahi," akasema. "Tangu asubuhi tunatafuta Mmwera, hata mgonjwa. Na Mungu ametuletea mpishi."

Sisi Wamwera na Wangindo ni watani, kila mtu wa kusini analijua hilo. Mtani wako akifiwa, wewe ndiye wa kushika jembe, wewe ndiye wa kusimamia jiko, wewe ndiye wa kulia machozi ya uongo na kuwachekesha wafiwa mpaka wasahau kidogo. Hulipwi, huombwi mara mbili, na ukikasirika unatozwa faini ya kuku. Kumbe kaka yake Mboni, Mzee Kondo, alikuwa amefariki alfajiri ile. Na Mzee Kondo maisha yake yote hakuwahi kukosa msiba wa Mmwera. Alikuwa anasafiri kwa miguu kwenda kulala mbele ya majeneza yetu na kuyazuia yasipite. Sasa siku yake imefika, na Wamwera wote wa pale wamekwenda Nanjirinji kwenye arusi. Familia ilikuwa inakaribia kumzika kimya kimya, na hiyo kwao ilikuwa aibu inayouma kuliko kifo chenyewe.

Mboni alifungua kanga moja, akaizungusha kwenye jiko la Cletus, akapiga fundo, kisha akakaa juu ya ubao wa kukatia.

"Hili limekamatwa," akasema.

Bashiru alikuja mbio. "Mama, samahani sana, poleni na msiba. Lakini jiko hili ni la kampuni."

"Kampuni kabila gani?"

"Kampuni haina kabila, mama."

"Basi haina neno hapa. Na wewe?"

"Mimi Mdigo. Wa Tanga."

"Kaa kivulini, mwanangu. Haya hayakuhusu."

Bashiru alitazama mifuko yake yote kama vile mmojawapo ulikuwa na jibu. Mimi hasira zilikuwa zimenipanda. Najua utani, nimekulia ndani yake, lakini nilikuwa naiona kazi ya mume wangu imekaliwa na mama wa Kingindo. Nikamwambia Mboni kwamba Wangindo tunawafahamu, wanajenga nyumba mlango ukiangalia porini ili wakisikia gari wakimbie vizuri, na leo kwa nini hawakukimbia. Akafurahi sana. Akasema sasa ana uhakika sisi ni Wamwera wa kweli.

Nikamgeukia mume wangu. "Baba Stefania, nisikilize. Wageni wanne. Saa moja. Mwambie huyu mama utakuja baadaye kuosha masufuria."

Cletus hakuwa ananisikiliza. Alikuwa anatazama nyumba ya msiba, ng'ambo ya kiwanja. Uani palikuwa na masufuria makubwa ya shughuli yamefudikizwa, magunia ya unga, mbuzi wamefungwa kwenye mti, na kina mama wakizunguka zunguka kila mmoja akimsubiri mwenzake aanze.

"Watu wangapi?" akamuuliza Mboni.

"Walioko hapa mia tatu. Wa Njinjo wako njiani."

"Mia tatu," Cletus akasema taratibu, kama mtu aliyetajiwa jina la mchumba wake wa zamani. Akakaza kamba za aproni.

Vijana wanne walilinyanyua jiko na Mboni bado amekaa juu yake. Wakalipeleka msibani kwa mwendo wa pole, wakiimba wimbo wa kumsikitikia Mmwera aliyekufa kwa kushiba, na mume wangu akawafuata nyuma na upawa begani. Alinipungia mkono. Sikupunga.

Nikabaki na Bashiru, kikaango changu, samaki tuliowanunua Kilwa asubuhi, nazi, mchicha na unga kidogo wa ngano.

"Shemeji," Bashiru akasema, "tufanyeje?"

"Wewe tafuta mawe matatu," nikamwambia. "Na usiniongeleshe."

Nilikanda ule unga kwa hasira zangu zote, na kama kuna mtu hajui, chapati zinapenda hivyo. Niliukanda nikimfikiria Cletus, nikaukunja nikimfikiria Mboni, na nikausukuma nikiifikiria ile benchi ya uani ambayo sasa nilikuwa na hakika itamrudia. Nilitia samaki kwenye tui zito, nikakuna nazi nyingine kwa ajili ya mchicha. Moshi uliniingia machoni, na ulinifaa, maana nilikuwa nalia na sikutaka Bashiru ajue.

Kutoka msibani kelele zilikuwa zinatufikia. Kwanza sauti ya Cletus ikitoa amri. Alikuwa amelisimamisha jiko lake uani kama dirisha la kantini, yeye kasimama nyuma yake, na masufuria makubwa yakiwa kwenye mafiga kumzunguka, kwa sababu sufuria la shughuli ukiliweka kwenye pleti ya gesi unalifunika jiko zima. Watu wakaja kuniambia kwamba amewapanga wafiwa kwa zamu kama wafanyakazi wa kiwanda: zamu ya kwanza wachimba kaburi, zamu ya pili wazee, zamu ya tatu wote waliosema Mmwera hajui kupika. Anayeruka foleni anarudishwa nyuma, hata kama ni mwenyekiti wa kijiji. Na kweli alimrudisha.

Baada ya sala ya alasiri jeneza lilitoka. Hapo niliacha mwiko, nikaenda ukingoni mwa kiwanja kuona, maana na mimi ni mtu. Cletus alikuwa amelala chali katikati ya njia, upawa kifuani, aproni imegeuka rangi ya udongo.

"Hapiti," alikuwa anasema. "Mzee Kondo, unakwenda wapi na wewe hujaonja? Nimetoka Lindi na jiko mgongoni kwa ajili yako. Wangindo wenzako wamekula wamemaliza, wewe unalala tu. Amka useme kama chumvi imetosha."

Waliobeba jeneza walisimama wakicheka na huku machozi yanawatoka. Mboni, ambaye wenyewe walisema hakuwa ametoa chozi tangu kaka yake akate roho, alikuwa ameshika kiuno anacheka, kisha akaangua kilio kikubwa, kile kilichokuwa kinamkaba tangu alfajiri. Wenzake wakamshika. Cletus aliposikia kilio hicho akainuka, akajipangusa vumbi, akaweka bega lake chini ya jeneza na kwenda nao kimya.

Mimi nilirudi kwenye mawe yangu. Wageni walikaa mezani saa moja, meza ya kukunja ya kampuni, taa ya karabai katikati. Walikula samaki, wakala chapati, wakafuta sahani kwa vipande vya chapati, wakauliza kama zipo nyingine. Mmoja wao, mama mwenye kofia, alimuuliza Bashiru mbona kwenye msiba watu wanacheka. Bashiru alianza kumweleza kwa Kiingereza, akafika mahali, akashindwa, akasema ni marafiki.

Nilipomaliza kuosha vyombo nilimfuata mume wangu. Alikuwa bado nyuma ya jiko lake, anakwangua ukoko wa ugali kwa ajili ya waliochelewa kutoka Njinjo. Jasho limemlowesha, sauti imekwisha. Kila aliyepokea sahani alimtukana kidogo, naye akajibu. Wengine walimwita panya wa Rondo, akawaambia basi leo wamelishwa na panya. Aliponiona akasema, "Mama Stefania, wamekula wote. Hakubaki mtu." Sikuwa nimemwona na uso ule tangu kiwanda kifungwe. Nilimpenda pale pale, na masizi yake yote, na nilichukia kwamba asubuhi inakuja.

Ikaja. Vijana walilirudisha jiko na kanga ya Mboni ikiwa imekunjwa vizuri juu yake kama zawadi. Bashiru alikuwa anatusubiri kwenye kiti cha turubai. Alisimama, akatupa shikamoo wote wawili upya, nikajua ni habari mbaya.

"Mzee wangu," alimwambia Cletus, "jana nimeona mpishi. Sijaona mpishi kama wewe. Lakini mimi sina watu mia tatu. Ninao wanne, wakizidi ni wanane." Akapangusa uso. "Chapati za Kilangala nani alizipika?"

Cletus akanitazama. "Yeye."

"Na supu ya Kilwa?"

"Yeye."

"Na jana nimeona kwa macho yangu. Shemeji, jiko nalichukua, na ninaomba uende nalo. Msimu mzima. Ajira ile ile niliyomwahidi mzee."

Nilitamani ardhi inimeze. Kazi niliyoiombea kwa miezi mingi imekuja, imempita mwenyewe, imesimama mbele yangu. Nilimtazama Cletus nikaona aproni yake ilivyochafuka, nikaona benchi ya uani. Sikuweza kumnyang'anya. Nikatafuta sababu, na iliyokuja kwanza ndiyo niliyoisema.

"Haiwezekani, Bwana Bashiru. Jiko lile ni refu. Limepimwa kwa mtu mrefu. Nilijaribu kukatia vitunguu pale Kilwa nikawa nanyanyua viwiko mpaka masikioni, mabega yakawaka moto. Msimu mzima nitakuwa kilema. Tafuta mwingine."

Bashiru alijibu kwamba anaelewa, na kwa sauti yake nilijua hajaelewa. Cletus aligeuka akaondoka kuelekea nyumba ya msiba, na mimi nikajua amekwenda kwa watu wanaomtaka. Nilikaa chini kwenye karai.

Akarudi na msumeno, ule uliokatiwa mbao za kaburi la Mzee Kondo, bado una vumbi jeupe kwenye meno.

"Simama," akaniambia.

"Baba Stefania, unafanya nini?"

"Simama wima. Weka mikono kama unakanda."

Nikasimama. Akapima kwa shubiri kutoka ardhini mpaka chini kidogo ya kiwiko changu, akaenda kwenye jiko, akaweka alama ya mkaa kwenye mguu mmoja, halafu kwenye mingine.

"Ukikata hapo hutaurudisha," nikamwambia.

"Mbao naijua," akasema, na akaanza kukata.

Nilitaka kumshika mkono. Nilitaka kumwambia kwamba sababu haikuwa urefu. Lakini kila nilipokaribia kusema, niliona jinsi alivyokuwa anaukata kwa makini, ulimi umemtoka pembeni ya mdomo, akipuliza vumbi ili asipotee kwenye alama, na nikaelewa kwamba alikuwa analijua hilo muda wote. Mboni alikuja kuchukua msumeno wake, akasimama kusubiri.

Mguu wa mwisho ulipodondoka, Cletus alilisimamisha jiko, akalitikisa kuona kama linacheza, akanishika mabega na kunisogeza mbele yake. Lilinifika mahali pake sawasawa. Kisha akajaribu yeye. Ilibidi apinde mgongo mpaka kidevu kikakaribia pleti za gesi.

"Mmwera huyu sasa amezidi jiko," Mboni akasema. "Mwache kwetu. Kuna hitima kesho kutwa, na watu wanaongezeka."

"Wangapi?" Cletus akauliza, bado amepinda hivyo hivyo.

"Njoo uwahesabu mwenyewe."

Alicheka. Akavua aproni, akaikung'uta, akaivaa tena upande ulio safi, akachukua upawa wake, akaenda na Mboni bila kugeuka nyuma. Mimi nilimtazama mpaka akaingia uani kwa watu. Kisha nikafungua droo ya kwanza, nikatoa unga, nikawasha gesi, kwa sababu wageni walikuwa wameamka na walikuwa wanataka chai.